Kabla ya Kuuliza Namba ya Kiatu: Jinsi ya Kupima Wayo na Mwendo Wako Nyumbani

Mkazi wa Kangari, Murang'a, hutembea kwenye mteremko karibu kila siku ya maisha yake. Akitoka barabarani kwenda shambani anashuka, akibeba majani ya chai kuyapeleka kituo cha kupimia anapanda, na njia yenyewe ni udongo mwekundu ambao ukinyeshewa hugeuka utelezi. Miguu ndiyo inayofanya kazi hiyo yote, lakini wengi wetu tunaijua kwa kitu kimoja tu, nambari ya kiatu. Muuzaji wa viatu vya mtumba anauliza "namba ngapi?", unajibu "arobaini na moja", na mazungumzo yanaishia hapo. Kisigino kikianza kuuma asubuhi, au goti likianza kusumbua wakati wa kushuka, ndipo mtu anaambiwa kwamba ana nyayo bapa, kisha anauziwa soli za ndani za bei ya juu au anatumwa Nairobi kutafuta raba maalumu.

Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kujipima kwa vitu vilivyo nyumbani: beseni, katoni, kalamu, ukuta na simu. Lakini fahamu kwanza unapima kwa ajili ya nini, kwa sababu hapo ndipo ushauri mwingi unapopotea njia. Umbo la wayo peke yake halisemi utaumia au hutaumia, wala halichagui kiatu. Yenye uzito ni maswali matatu: je, wayo wako unaweza kulegea na kukaza kila unapohitajika? Je, mguu wa kulia na wa kushoto inafanana? Na je, kuna kilichobadilika tangu ulipoitazama mara ya mwisho? Vipimo vyote vilivyo hapa chini vinatafuta majibu ya maswali hayo.

Kwa nini jina la mguu halitoshi

Ndani ya kila wayo mna mifupa 26. Kisigino kinapogusa chini, viungo vya mifupa hiyo hulegea kidogo, tao la ndani hushuka na mguu huegemea upande wa ndani. Kuegemea huko, ambako watu wengi wanadhani ni kasoro, ni kazi ya kawaida: ndiko kunakopunguza kishindo na kuuwezesha wayo kutulia juu ya jiwe au mzizi. Uzito ukishafika mbele na kisigino kikaanza kuinuka, kidole gumba hukunjika, utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni huvutika, na wayo mzima hukaza kama kamba iliyosokotwa, tayari kuusukuma mwili mbele. Mguu wenye afya hufanya yote mawili kwa zamu. Kuna miguu bapa inayokaza bila tatizo lolote, na kuna miguu yenye tao zuri la kupendeza macho ambayo haijui kulegea.

Majeshi ndiyo yaliyolichunguza jambo hili kwa kina, kwa sababu yana watu wengi wanaotembea umbali mrefu kwa amri moja. Huko Kanada, Robert Harris na Thomas Beath waliikagua miguu ya askari zaidi ya 3,600, na ripoti yao ya mwaka 1947 ikaonyesha kwamba wayo bapa ulio laini ni umbo la kawaida lisilomzuia mtu kufanya kazi. Lenye shida ni lile bapa lililokauka, au lile linaloandamana na kano fupi ya kisigino. Mwaka 1993 David Cowan na wenzake waliwafuatilia makuruta wa jeshi la nchi kavu la Marekani, wakakuta kinyume cha walichotarajia wengi: wenye nyayo bapa zaidi waliumia mara chache, na wenye matao ya juu ndio walioumia zaidi. Kisha mwaka 2009 na 2010 Joseph Knapik na timu yake wakajaribu jambo lenyewe ambalo maduka ya viatu hulifanya. Baadhi ya makuruta walipewa raba kulingana na umbo la wayo wao, wengine wakapewa aina moja ya raba bila kujali umbo. Majeraha hayakupungua kwa maana yoyote katika kundi la kwanza.

Utasema hao ni askari, wanaolala kambini na kula kwa ratiba, na kwamba raia ni mwingine. Pingamizi hilo ni la haki, lakini jibu lipo. Nchini Denmark, Rasmus Nielsen na wenzake waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 927 walioanza kukimbia, wote wakiwa na raba za aina moja zisizo na kinga maalumu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha kwamba wale ambao miguu yao huegemea ndani hawakuwa katika hatari kubwa kuliko wenzao. Kwa hiyo ukipima leo ukajikuta na nyayo bapa zisizouma, hukupata ugonjwa, umepata maelezo tu. Na ikiwa zinauma, bado ubapa wenyewe si lazima uwe ndio chanzo, jambo ambalo kipimo cha nne kitalionyesha.

Tayarisha mahali

Katika nyumba nyingi za milimani, kupata sakafu iliyo sawa ni kazi kuliko unavyofikiri. Veranda ya saruji hujengwa ikiwa imeinama kidogo ili maji ya mvua yatoke, na mguu unaosimama juu ya saruji iliyoinama utaegemea upande mmoja hata kama hauna kasoro. Laza betri ya tochi sakafuni kisha uigeuze upande wa pili. Ikibiringika mara zote mbili kuelekea upande uleule, hamia ndani ya nyumba. Pima jioni baada ya kazi, wakati miguu imeshavimba kidogo, kwa sababu huo ndio mguu unaouvalisha kiatu. Tafuta mtu wa kukusaidia, hasa wa kutazama kutoka nyuma.

Kuwa na vitu hivi:

☐ katoni mbili kavu zilizopasuliwa zikalazwa (upande wa kahawia huonyesha maji vizuri)
☐ beseni lenye maji kidogo, na taulo
☐ kalamu ya wino mzito na rula
☐ simu yenye kamera, na kigoda cha kuiwekea
☐ viatu unavyovaa siku nyingi: gambuti, raba au viatu vya kanisani, vyovyote vile

Vipimo vya kusimama

1. Anza na ngozi. Osha miguu, ikaushe, uitazame kwenye mwanga, na katikati ya vidole pia. Katika sehemu nyingi za Murang'a funza bado ni tatizo, na mtu mwenye funza chini ya kucha hutembea kwa kisigino au kwa ubavu wa wayo ili kukwepa maumivu. Ukimpima wakati huo utaandika mwendo wa maumivu, wala si mwendo wake. Vivyo hivyo kwa magaga yaliyopasuka hadi nyama. Tibu kwanza, upime baadaye. Ukishahakikisha ngozi ni nzima, papasa sugu: zinakueleza uzito ulikopita miezi mingi, na hazidanganyi kwa sababu hazijui kwamba zinatazamwa. Sugu nene ukingoni mwa kidole gumba huashiria kwamba unajisukuma kwa kubingirika upande wa ndani. Sugu chini ya kidole kidogo huashiria kwamba uzito hubaki nje. Mwenye kisukari au ganzi ya miguu aishie hapa, akague ngozi tu, na vipimo vingine avifanye mbele ya mhudumu wa afya.

2. Alama ya maji. Chovya wayo, ukung'ute mara moja, kisha tembea kawaida ukikanyaga katoni katikati ya hatua zako. Usisimame ukaukandamiza, na usilenge katoni kwa macho. Chora mpaka wa alama kwa kalamu kabla haijakauka, andika tarehe na "kulia" au "kushoto". Rudia mara tatu kila mguu; alama moja haitoshi. Sasa tazama sehemu ya katikati, kati ya kisigino na chini ya vidole. Ikiwa upana wake ni karibu nusu ya upana wa mbele, tao lako ni la kati. Ikiwa alama imejaa karibu yote, wayo ni bapa. Ikiwa kuna ukanda mwembamba tu upande wa nje, au hakuna kitu kabisa, tao ni la juu. Kosa linalorudiwa sana ni kuchovya maji mengi: yanatapakaa na kumfanya kila mtu aonekane bapa. Jingine ni kusahau kwamba nyama ya wayo nayo huacha alama, kwa hiyo mtu mnene au mtoto mdogo anaweza kuonekana bapa ilhali mifupa yake ina tao.

3. Kuchuchumia na kidole gumba. Hiki ndicho kipimo kinachotenganisha ubapa wa umbo na ubapa wa tatizo. Simama karibu na ukuta, gusa kwa ncha za vidole vya mikono ili usianguke, kisha inuka polepole ukisimama kwa vidole vya miguu. Msaidizi atazame visigino kutoka nyuma. Inavyotakiwa, visigino huinama kuelekea ndani na tao hujitokeza, hata kwa mtu ambaye alama yake ya maji ilijaa kabisa. Halafu inuka kwa mguu mmoja, mara kadhaa, kisha mwingine. Usishindane na hesabu. Linganisha kulia na kushoto. Baadaye simama wima, miguu yote miwili chini, na msaidizi akuinulie kidole gumba cha mguu taratibu: tao linapaswa kupanda. Likipanda katika majaribio yote mawili, wayo wako, hata kama ni bapa, ni laini na unakaza unapotakiwa. Lisipopanda, au ukishindwa kuinuka hata mara moja kwa mguu mmoja, kipe jambo hilo uzito kuliko alama zote za katoni.

4. Goti na ukuta. Simama ukitazama ukuta, kidole gumba kikiwa umbali wa upana wa kiganja, yaani sentimita 8 hadi 10. Kunja goti liguse ukuta bila kuinua kisigino na bila kuuacha wayo ulale ndani. Sogea nyuma kidogo kidogo hadi usiweze tena, upime umbali kutoka kidole hadi ukutani. Fanya miguu yote miwili. Usipofika kiganja kimoja, au miguu ikitofautiana kwa zaidi ya upana wa vidole viwili, shavu la mguu au kifundo kimekaza.

Ukikosa muda, ruka vingine ufanye hiki cha nne. Katika nchi tambarare kifundo kigumu kinaweza kujificha kwa miaka. Huku milimani hakijifichi. Kupanda mteremko kunataka kifundo kikunjike zaidi kila hatua, na kisipokunjika mwili hutafuta njia nyingine: kisigino huinuka mapema na mzigo wote ukaangukia mbele ya wayo, au vidole hugeukia nje, au wayo hukunjika katikati na tao likalazwa chini. Mtu wa namna hiyo akitazamwa shambani ataambiwa ana nyayo bapa na kupewa kitu cha kuinua tao, ilhali kinachomsumbua kiko juu ya kisigino. Ile kano fupi ambayo Harris na Beath waliitaja kwa askari wa Kanada ndiyo hii. Kunyoosha shavu la mguu hakugharimu chochote: mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, shikilia sekunde 30, rudia mara tatu kila upande, kila siku. Pima tena baada ya wiki sita kabla hujatoa pesa kununua chochote.

Kutazama mwendo

Mtu akijua anatazamwa, hubadilisha mwendo. Hilo huharibu vipimo vingi vya nyumbani, na dawa yake ni kurudia hadi uchoke kujitazama. Weka simu juu ya kigoda, iwe kimo cha goti, na usiishike mkononi. Kunja suruali au sketi magoti yaonekane. Tembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi mara nyingi, ukipiga hadithi na msaidizi wako. Video za mwisho ndizo zenye ukweli. Piga kutoka nyuma, kisha kutoka ubavuni. Tembea kwanza bila viatu, baadaye na kiatu cha kila siku. Mwishowe cheza video, funga macho usikilize: hatua mbili zenye mlio tofauti, moja ikigonga na nyingine ikiburuta, hugundulika kwa sikio kabla ya jicho.

Unapotazama video, ipunguze kasi na uanze chini kupanda juu.

- Kisigino: kinatua kwanza? Kikishatua, kinalala ndani kidogo na kurudi, au kinabaki kimelala hadi mguu unapoondoka chini?
- Vidole: ukiwa nyuma, unaona vidole vingapi upande wa nje? Kimoja au viwili ni kawaida. Vikionekana vingi mguu mmoja tu, rudi kwenye kipimo cha nne.
- Goti: linaelekea mbele au linakimbilia mwenzake?
- Nyonga: mkanda unabaki sawa au upande mmoja unashuka kila hatua?
- Muda wa hatua: mguu mmoja unakaa chini muda mfupi kuliko mwingine? Huko ni kuchechemea, hata kama kunaonekana kidogo.

Usitafute mwendo mmoja ulio sahihi, kwa maana haupo. Mfano mzuri umetoka hapahapa Kenya, katika mbio. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake waliandika kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia pekupeku hutua zaidi kwa mbele ya wayo, na dunia nzima ikaanza kufundishwa kutua hivyo. Miaka mitatu baadaye Kevin Hatala na timu yake wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa nchi, nao pia ni watu wa pekupeku, na wengi wao walitua kwa kisigino walipokimbia kwa mwendo waliojichagulia. Watu wa nchi moja, wote bila viatu, na mitindo miwili. Kijana wa Nyeri au Nyahururu anayejifunza mbio asilazimishe wayo wake kumuiga bingwa aliyemwona kwenye televisheni.

Jaribio la mwisho hufanywa na mzigo, na vipimo vya mijini hulisahau kabisa. Ikiwa kazi yako ni kubeba majani, maji au kuni, mwendo wako halisi ni ule wa mgongo uliojaa. Mwendo huo umewahi kuushangaza ulimwengu wa sayansi: mwaka 1986 Profesa Maloiy na wenzake waliwapima wanawake wa Kikuyu, wanaobeba kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, na wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, wakakuta kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nguvu zaidi kuliko kutembea mikono mitupu. Utafiti uliofuata, wa mwaka 1995, ulieleza kwamba siri iko kwenye mwendo: chini ya mzigo, mwili wao ulipokezana nishati ya kimo na nishati ya mwendo kwa kila hatua kwa ufanisi kuliko wa watu wengine. Usilisome hilo kama ruhusa ya kujipakia magunia. Kiasi hicho ni kilo 12 kwa mtu wa kilo 60, na mizigo ya kweli mara nyingi huzidi hapo. Rekodi video moja ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Ikiwa bila mzigo mguu unatulia, na ukibeba goti linakimbilia ndani au tao linalala upande mmoja, jambo la kwanza la kubadilisha ni mzigo: ugawe safari mbili.

Soli inasema nini, na ya mtumba inasema ya nani

Watu hupenda kugeuza kiatu na kusoma soli. Ni kipimo kizuri kwa sharti moja, kwamba kiatu ulikinunua kikiwa kipya. Raba ya mtumba ilishachakazwa na mtu wa Ulaya au Marekani aliyetembea juu ya lami, na ukiisoma unasoma mwendo wake. Zaidi ya hayo, kisigino kilicholiwa upande mmoja kitauinamisha mguu wako upande huohuo kuanzia siku ya kwanza. Kabla ya kulipa, kiweke kiatu juu ya meza au sanduku lililo sawa, ukitazame kutoka nyuma kwa kimo cha macho. Kikiinama, kirudishe hata kama bei imeshuka. Kwa kiatu chako mwenyewe kilichoanza kikiwa kipya, kulika kidogo kwenye kona ya nje ya kisigino ni kawaida kwa watu wengi, kwa sababu ndiko mguu unakotua kwanza. Cha kuangalia ni kulika kwa upande wa ndani, au jozi isiyolika sawasawa. Gambuti usizitumie kwa kipimo hiki: mguu huogelea ndani yake, na soli yake nene huchukua muda mrefu kusema lolote.

Na kiatu gani basi? Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary waliwapa askari soli za ndani za aina mbalimbali, wakawaambia kila mmoja achague inayomstarehesha. Waliochagua hivyo waliumia mara chache kuliko wenzao wasiopewa. Wayo ulijua kuliko fundi. Kwa hiyo jipimie kiatu hivi: simama juu ya karatasi ngumu, msaidizi achore mzunguko wa kila wayo kalamu ikiwa wima, kata umbo hilo uende nalo sokoni. Litumbukize ndani ya kiatu. Likikunjika pembeni, kiatu ni chembamba hata kama nambari ni yako. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba. Vaa vyote viwili, tembea kupanda na kushuka; Kangari haina uhaba wa mahali pa kujaribia. Kiatu kinachouma sokoni hakitazoea mguu nyumbani.

Mtoto ni jambo lingine

Mtoto wa miaka mitatu mara nyingi ana wayo bapa, na tao huendelea kujijenga hadi karibu miaka kumi. Mzazi anayempima mtoto kwa katoni na kushtuka amepima kitu ambacho bado hakijakamilika. Mwaka 1989 Dennis Wenger na wenzake walitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitatu watoto wenye nyayo bapa laini, wengine wakivishwa viatu vya kurekebisha na wengine viatu vya kawaida. Matao yao yalikua sawa. India, mwaka 1992, madaktari Rao na Joseph walikagua watoto 2,300 wakakuta nyayo bapa kwa asilimia 8.6 ya waliovaa viatu na asilimia 2.8 ya wasiovaa. Wapo watakaosema basi tuwavue watoto viatu. La, katika udongo wenye funza, minyoo na vipande vya chupa, hesabu ya India haimlindi mtoto wako. Mwache acheze pekupeku ndani ya nyumba au kwenye nyasi safi, na nje avae kiatu kipana kinachokunjika mbele. Kile kiatu cha shule kilichonunuliwa kikubwa ili kidumu miaka miwili kinamfundisha kuburuta miguu. Kikubwa kwa upana wa kidole kimoja kinatosha.

USISUBIRI: nenda kwa mhudumu wa afya ukiona

☐ wayo mmoja umeanza kuwa bapa ukiwa mtu mzima, hasa ukiuma upande wa ndani wa kifundo
☐ huwezi kuchuchumia kwa mguu mmoja uliokuwa ukiuweza
☐ wayo wa mbele unaburuta au unapiga chini kwa kishindo
☐ ganzi, kidonda kisichopona, au mguu mwekundu wenye joto kwa mwenye kisukari
☐ shavu la mguu limevimba na kuuma upande mmoja
☐ mtoto anachechemea, anatembea kwa vidole baada ya miaka mitatu, au ana wayo mgumu usiokunjika
☐ mtoto mchanga amezaliwa na mguu uliopinda ndani: mpeleke katika wiki za mwanzo, kwa sababu hapo hurekebishwa kwa plasta za hatua kwa hatua, na kadiri unavyochelewa ndivyo kazi inavyokuwa ngumu

Kwa asiye na hata moja kati ya dalili hizo, weka katoni zako mahali pakavu na urudie vipimo kila baada ya miezi mitatu, au mara tu kazi, uzito au viatu vinapobadilika. Mwenye nayo aanzie kituo cha afya kilicho karibu, aombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya kaunti. Unapokwenda, beba alama zako zenye tarehe, video kwenye simu, na kile kiatu unachovaa siku nyingi, bila kukisafisha soli.